Je, Motokaa Itaje Kwao?

Kila mwaka mwezi wa Desemba unapofika nusu, barabara itokayo Dar es Salaam kwa njia ya Chalinze, Segera, Korogwe, Same na Mwanga hujaa magari yanayokuja kwetu. Watu wa mikoa mingine hututania kwamba Wachagga twaenda nyumbani kuhesabiwa, nasi hatuoni haya kwa utani huo, maana una ukweli ndani yake. Magari hayo yakifika Himo hutawanyika: haya hushika njia ya Marangu na Rombo, hayo huendelea mpaka Moshi mjini, kisha mengine hupanda Uru, Kibosho na Machame. Mtu akivitazama vibao vya namba haoni tofauti yo yote. Vyote vyaanza na herufi T, zafuata tarakimu tatu, kisha herufi tatu. Gari la mwalimu afanyaye kazi Sumbawanga na gari la mfanyabiashara wa Kariakoo yamevaa vazi moja.

Katika siku za namna hiyo tulimsikia mzee mmoja katika kituo cha mabasi hapa Moshi akinung'unika. “Gari likimgonga mbuzi wangu usiku likakimbia,” alisema, “nimwambie nini askari? Laiti kibao kingetaja mkoa, kwamba hili ni la Tanga na lile ni la Arusha, ningejua pa kuanzia.” Waliokuwapo walimwunga mkono. Kijana mmoja, dereva, aliongeza kwamba yeye angefurahi sana kuendesha gari lenye jina la Kilimanjaro, na kama ingewezekana na picha ya mlima juu yake. Wote walicheka, lakini hakuna aliyepinga. Nasi tukarudi na swali lao: je, ni haki na ni vema kwamba kibao cha gari la mtu kitangaze kwao ni wapi?

Kwanza tumjibu mzee. Namba kamili ya gari yatosha kumjua mwenye gari, maana imeandikwa katika daftari la Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, pamoja na jina lake. Jina la mkoa lingemsaidia yule tu ambaye hakuisoma namba yote. Hata hivyo lingemsaidia kidogo sana. Magari yetu mengi hushuka katika bandari ya Dar es Salaam na kuandikishwa yanapotolewa huko. Yakitajwa mkoa wa kuandikishwa, basi karibu nchi nzima itakuwa ya Dar es Salaam. Yakitajwa mkoa wa mwenye gari, tutauliza ni mkoa upi: ule alikozaliwa, ule anakofanya kazi, au ule aliko mkewe na watoto? Kuna mtu wa Kilema aliyeweka duka Mbeya miaka thelathini. Ana shamba la kahawa huku na nyumba kule. Akiliuza gari lake kwa mtu wa Songea, kibao kibandikwe upya?

Wako pia wasemao kwamba mkoa ungepata fedha za barabara kutokana na magari yake. Hoja hii zamani ingekuwa na uzito zaidi kuliko leo. Katika bajeti ya mwaka 2017/18, Serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari, ikaongeza ushuru wa shilingi 40 kwa kila lita ya mafuta. Tangu hapo alipaye ni yule atembeaye, awe wa Moshi au wa Mtwara, na atembeaye sana hulipa zaidi. Haihitaji jina la mkoa.

Basi swali la askari na la mtoza ushuru twaliacha hapo. Lililobaki ndilo gumu, nalo ni hili: je, nina haki ya kumjua mtu nisiyemjua kwamba ametoka wapi, kabla hajanifungulia kinywa chake?

Msomaji wa huku milimani atatushangaa, kwa maana sisi twauliza jambo hilo kila siku. Kijana apitaye kando ya kihamba cha mtu, akiisha kuamkia shikamoo, huulizwa mara moja, “Wewe mtoto wa nani? Kwenu ni wapi?” Hatapumzika mwulizaji mpaka ajue ukoo, na mtaa, na pengine ukoo wa mama. Kisha hutafutwa undugu, nao kwa kawaida hupatikana, hata kama ni kwa shangazi aliyeolewa Mwika zamani za kale. Hatuoni ubaya katika desturi hii. Kinyume chake, twasikitika kuona inapungua.

Lakini tuitazame vizuri. Anayeuliza huonekana uso wake. Anayeulizwa aweza kujibu kwa ukamilifu, aweza kujibu nusu, aweza kusema, “Mimi natoka Rombo, lakini mama yangu ni wa hapa hapa.” Tena swali lenyewe lamfunga mwulizaji. Akiisha kujua kwamba mgeni ametoka mbali, hawezi tena kumwacha apite na kiu. Sharti ampe maji, au ndizi, au kibuyu cha mbege kama kipo. Kibao cha chuma hakina mambo hayo. Humwambia kila mtu, hata asiyeuliza, hata mwenye nia mbaya, na hakimdai ye yote ukarimu. Aliyemo ndani ya gari hawezi kuongeza neno. Twaona tofauti hapo ni kubwa, ingawa maneno yaliyosemwa ni yale yale.

Hatusemi kwamba mapenzi ya kwao ni dhambi. Huko Ujerumani tangu mwaka 1956 vibao vimeonyesha herufi za wilaya au mji, B kwa Berlin, M kwa München, na watu wamezipenda mno. Wilaya nyingi zilipounganishwa, herufi zao zilipotea. Mwaka 2012 sheria ilipolegezwa, wenyeji wa mahali pengi walizirudisha herufi za kale kwa furaha. Huko Ufaransa Serikali ilipotengeneza namba mpya mwaka 2009, ilitaka kuacha tarakimu za jimbo. Watu walilalamika, zikabaki pembeni mwa kibao, lakini kila mtu huchagua jimbo alipendalo, hata kama hajawahi kukaa huko. Twaipenda busara hii ya Wafaransa: alama imebaki, ila imekuwa neno la mwenyewe, si hukumu ya ofisi. Yule dereva wetu kijana angefaidika nayo. Na hata sasa nani amemkataza? Aandike Kilimanjaro nyuma ya gari lake kwa rangi aitakayo, kama wafanyavyo wenye mabasi, na siku atakapochoka aifute.

Lakini uko mfano mwingine, nao ndio uliotuamulia shauri. Katika nchi ya Bosnia na Herzegovina kulikuwa na vita tangu 1992 mpaka 1995, majirani kwa majirani. Vita vilipokwisha, kila upande ulikuwa na vibao vyake, vyenye nembo na mwandiko wa upande huo. Amani ilikuwa imeandikwa na kutiwa sahihi. Mtu aliruhusiwa kwenda apendako. Hata hivyo hawakwenda. Dereva alijua kwamba akivuka mstari, kibao chake kitamtangulia kusema yeye ni nani, na kwamba mawe yaweza kurushwa kabla hajateremka. Mwaka 1998 waliosimamia amani, chini ya Mhispania Carlos Westendorp, walitoa kibao cha namna moja kwa nchi nzima, kisichotaja mji wala upande. Tena walichagua zile herufi tu ambazo huandikwa sawasawa katika mwandiko wa Kilatini na ule wa Kisirili, ili hata umbo la herufi lisimsaliti mtu. Ndipo magari yakaanza kuvuka. Watu wakaenda kuzitazama nyumba zao walizozikimbia, na makaburi ya wazee wao. Kibao kile hakikuleta upendo. Kiliwaruhusu tu kupita.

Msomaji atasema Bosnia ni mbali. Basi tukaribie. Nchini Kenya, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, vijana walifunga barabara katika Bonde la Ufa na mahali pengine, wakadai vitambulisho vya wasafiri. Kitambulisho kile kilitaja jina na wilaya, na hayo mawili yaliwatosha. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa katika majuma machache. Nchini Rwanda kadi zilizotaja kabila, ambazo Wabelgiji walizileta katika miaka ya 1930, zilikaa mifukoni mwa watu miaka sitini. Kwa siku nyingi zilikuwa karatasi za ofisi tu. Mwaka 1994, penye vizuizi vya barabarani, zilikuwa ndizo hukumu. Aliyezibuni labda alifikiri anapanga daftari.

Tutaambiwa Tanzania si Rwanda. Ni kweli, nasi twashukuru. Lakini hali hii haikutujia kama mvua. Hapa hapa mlimani, katika karne ya 19, Kibosho ya Mangi Sina na Moshi ya Mangi Rindi zilipigana, na mtu wa upande mmoja hakwenda upande wa pili kutembea tu. Mambo yalibadilika kwa sababu watu waliamua mengi, makubwa na madogo. Mojawapo la madogo ni hili, kwamba hesabu ya watu ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila. Zilizofuata tangu 1978 hazikuuliza. Hakuna aliyekatazwa kuwa Mchagga, wala Mpare, wala Mmasai. Serikali iliacha tu kuliandika. Twaona kibao chetu kisichotaja mkoa ni cha jamaa hiyo hiyo ya mambo.

Wako watakaouliza, mbona alama nyingine zimo? Zimo, na nyingine zafaa. Gari la kukodiwa na basi la abiria huvaa kibao cheupe, na la mtu binafsi cha manjano; hilo lahusu kazi ya gari, na abiria ana haki kulijua. Gari la shirika la umma huanza na SU, la serikali za mitaa na SM. Hayo twayataka yaonekane, tena yasomwe vizuri, maana ni mali yetu sote, na likiegeshwa mlangoni pa baa saa nne za usiku mwananchi apaswa kujua kwamba ni mali yake inayongoja pale. Magari ya Kenya yaingiayo Holili na Tarakea yana herufi ya nchi yao, kwa sababu ya sheria na bima za nchi mbili. Magari ya Zanzibar yana Z, na usajili wa vyombo vya moto uliwahi kuhesabiwa miongoni mwa kero za Muungano. Yatosha kutuonyesha kwamba herufi moja tu huweza kuzaa manung'uniko ya miaka mingi kati ya ndugu.

Jambo moja zaidi, ambalo tunaliona kwa macho hapa petu. Ajali ikitokea barabarani, watu hukusanyika upesi, na mara nyingine, kwa aibu yetu, humvamia dereva kabla ya kuuliza kosa ni la nani. Leo hasira ile humwangukia mtu mmoja. Tukiongeza jina la mkoa juu ya gari lake, itapata neno la kusema: “Ndivyo walivyo hawa wa mahali fulani.” Na gari la pili la mkoa ule ule, lipitalo saa moja baadaye na lisilojua habari, litapita salama? Twauliza kwa dhati. Wasomaji wetu wanayajua makutano ya barabara kuliko sisi.

Mipaka ya vihamba vyetu imepandwa sale. Mtoto wa huku hujua kwamba jani hilo laonyesha shamba la baba linapoishia. Hujua pia kwamba mtu aliyemkosea mwenzake humpelekea jani hilo hilo kuomba msamaha, na ni vigumu kulikataa. Wazee wetu hawakuchukia alama za mpaka. Walizipanda wenyewe. Ila walichagua mti ambao siku ya ugomvi una kazi nyingine ya kufanya, na hatuoni ni kazi gani nyingine ambayo kibao cha bati chenye jina la mkoa kingeweza kufanya siku hiyo.

Kwa hiyo twaomba vibao viachwe kama vilivyo. Naye mzee wetu wa kituoni, ambaye madai yake juu ya mbuzi ni ya haki, hatukusudii kumwacha mikono mitupu. Namba anayo haki ya kuisoma. Yako malori yashukayo kutoka milimani na vibao vilivyofunikwa tope tangu masika. Ziko bodaboda zenye vibao vilivyokunjwa, au zisizo navyo kabisa. Na ile taa ndogo ya kuangaza kibao cha nyuma, katika magari mengi yapitayo kati ya Himo na Moshi usiku, imekufa zamani na hakuna anayeiulizia.