Chipu ya TPM na Suala la Kuamini

Kusimba data hakumalizi shida ya kutunza siri. Huihamishia kwenye ufunguo. Diski nzima hugeuka mparaganyo usiosomeka, lakini ufunguo ulioisimba, wenye biti 128 au 256 tu, lazima ukae mahali. Ukiachwa kwenye diski hiyohiyo, mwizi wa kompyuta ameondoka na kufuli pamoja na ufunguo wake. Ndiyo maana kompyuta nyingi za leo zina chipu ya TPM, iliyowekwa kwenye ubao mkuu au ndani ya prosesa. Kanuni zake zilianza kuandikwa na muungano ulioundwa mwaka 1999 na Compaq, HP, IBM, Intel na Microsoft, na tangu 2021 Windows 11 imeifanya sharti.

Kazi yake huanza pindi kompyuta inapowashwa. Kila programu ya uwashaji, kabla ya kuipisha inayofuata, huikokotolea alama yake na kuipeleka kwenye chipu. Chipu huunganisha alama hiyo na iliyotangulia, hukokotoa upya, na kubaki na jibu moja. Hesabu hiyo hairudi nyuma, hivyo programu iliyochezewa haiwezi kuifuta alama yake ikishapimwa. Ufunguo wa diski hufungwa kwa jibu hilo. Likilingana na la siku ya kuufunga, chipu huutoa. Lisipolingana hukataa, hata kama anayeuomba ni mwenye mashine aliyebadilisha mipangilio ya BIOS kwa nia njema. Huyo, kwenye Windows, ataombwa ufunguo wa dharura wa tarakimu 48, na kama hakuuhifadhi, data yake imekwenda.

Chipu, basi, haijui wema wala ubaya wa programu. Inajua tu kama ni ileile ya jana. Virusi vilivyokuwamo siku ya kufunga ufunguo vitapita salama salimini. Je, kitu cha namna hiyo chaweza kuaminiwa? Mwanafalsafa Annette Baier, katika makala yake ya 1986, alitenganisha kuamini na kutegemea. Majirani wa mwanafalsafa Kant, alisema, waliweza kuyategemea mazoea yake ya kila siku kama saa. Siku ambayo angeyavunja wangevunjika moyo, lakini wasingesema amewasaliti. Kwa kipimo hicho TPM hutegemewa tu. Kinachoaminiwa ni watu walioiunda, na hao mtumiaji hawajui. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Masaryk huko Brno walionyesha kwamba chipu kadhaa za Infineon, zikiwamo za TPM, zilitengeneza funguo za RSA kwa namna dhaifu, kiasi kwamba ufunguo wa siri uliweza kukokotolewa kutokana na ule wa wazi. Chipu hazikukosea: zilitii maagizo ya kiwandani.

Hapo huzuka swali zito zaidi: chipu inamtumikia nani? Richard Stallman alionya mwaka 2002 kwamba kompyuta za aina hii zingeweza kumtii mtengenezaji na kumpinga mnunuzi, kwani chipu huweza pia kumthibitishia mtu wa mbali ni programu zipi zimewashwa. Kwa kompyuta za kawaida hofu hiyo ilizidi kiasi. Mwenye mashine anaweza kuifuta TPM na kuanza upya, na Linux nayo huitumia kufungua diski zake. Hata hivyo, ufutaji huo hauugusi utambulisho ambao chipu ilipewa kiwandani.