Ustadi na Amana ya Mtengenezaji

Swali ambalo wanafalsafa na wanateolojia wamelishughulikia tangu kale ni kama ustadi wa kutengeneza vitu ni fadhila, yaani sifa ya uadilifu inayomfanya mtu kuwa mwema, au ni uwezo tu ambao mwema na mwovu wanaweza kuwa nao sawasawa. Katika kaunti za Migori na Homa Bay swali hilo humkabili kijana aliyemaliza kidato cha nne na kupata alama nzuri za hisabati na fizikia, ingawa anapochagua kozi ya shahada haulizwi hivyo. Huulizwa tu kama anataka uhandisi wa mitambo, unaochunguza jinsi nguvu, joto na mwendo vinavyofanya kazi ndani ya mashine, au uhandisi wa uzalishaji viwandani, unaochunguza jinsi kitu kilekile kitakavyotengenezwa mara elfu bila ubora kushuka wala gharama kupanda. Taaluma hizo, ambazo mara nyingi huwekwa chini ya idara moja, husomwa kwa miaka 5 katika vyuo vikuu kama vile Nairobi, JKUAT kilichoko Juja na Moi kilichoko karibu na Eldoret. Dedan Kimathi cha Nyeri hufundisha pia mekatroniki, inayounganisha mitambo na elektroniki.

Aristotle, katika kitabu cha 6 cha Maadili ya Nikomako, alitenganisha kutengeneza na kutenda: kutengeneza huishia katika kitu kilicho nje ya mtengenezaji, ilhali kutenda vema ni lengo lenyewe. Anayeufuata mgawanyo huo atasema kwamba fundi hupimwa kwa kazi ya mikono yake, na tabia yake ni jambo jingine. Kitabu cha Kutoka, kinachojulikana sana katika eneo hili ambako Waadventista walifungua misheni ya Gendia karibu na Kendu Bay mwaka 1906, hufuata njia tofauti, kwa kuwa katika sura ya 31 Bezaleli hujazwa roho ya Mungu ndipo afanye kazi ya dhahabu, fedha na shaba. Waislamu nao husoma katika Sura ya Al-Anbiyaa kwamba Daudi alifundishwa na Mwenyezi Mungu kutengeneza mavazi ya vita, na sababu inayotajwa ni kuwakinga watu. Katika masimulizi yote mawili ustadi ni amana, na mwenye amana huulizwa.

Uzito wa tofauti hiyo huonekana kwenye machimbo ya dhahabu ya Nyatike, katika kaunti ya Migori. Huko mawe husagwa ndani ya pipa la chuma lenye mipira ya chuma, linalozungushwa kwa injini au mota. Unga wake huoshwa juu ya mteremko uliotandikwa magunia, na mchanga mzito unaonaswa humo huchanganywa na zebaki ndani ya karai, aghalabu kwa mikono mitupu. Zebaki hushikamana na chembe za dhahabu zikawa donge, kisha donge huchomwa juu ya makaa. Katika nyuzi 357 za Selsiasi zebaki huchemka, lakini mvuke wake, usio na rangi wala harufu, hutoka mapema zaidi, ukaingia mapafuni na kudhuru ubongo na neva, hasa za mtoto aliye tumboni.

Aliyechomelea pipa hilo, yaani kinu, ni stadi, kwa maana kinu kinasaga, na kwa kipimo cha Aristotle kazi yake haina dosari. Hata hivyo, kipimo hicho hakitoshi. Kadiri kinu kinavyosaga haraka ndivyo zebaki nyingi zaidi inavyochomwa, na mchoro wa kazi nzima, tangu jiwe hadi donge, huwa umekwisha kuamua ni nani atakayeuvuta mvuke, hata kama mchoraji hakuliwazia jambo hilo. Heshima ya shahada haitokani na kumweka mhandisi juu ya fundi wa jua kali, ambaye mara nyingi humzidi kwa wepesi wa mkono. Hutokana na wajibu wa kujua madhara yasiyoonekana kwa macho, na kuyatolea hesabu mbele ya watu wasioweza kuyapima wenyewe. Sheria ya Wahandisi ya Kenya ya mwaka 2011, inayodai usajili, ina maana kwa sababu hiyo zaidi kuliko kwa ajili ya cheo.

Dawa ya kiufundi si ngumu: donge hufungiwa ndani ya chombo cha chuma chenye bomba linalopozwa kwa maji, mvuke ukarudi kuwa zebaki na kutumika tena. Wachimbaji wengi hukikataa kwa sababu hawaioni dhahabu yao inapochomwa, na mtu asiyeona mali yake huogopa kuibiwa. Hofu hiyo ni ya haki, na mhandisi wa mitambo anayeiheshimu huweka kifuniko cha kioo kinachostahimili moto ili mwenye donge alitazame mpaka mwisho. Mwenzake wa uzalishaji hubaki na kazi iliyo ngumu zaidi, ya kukipanga upya chombo hicho kwa mabomba na viungio vinavyouzwa katika duka la vifaa mjini Migori, ili mchomeleaji wa Macalder, hukohuko Nyatike, aweze kukitengeneza kwa bei ambayo mchimbaji anaimudu.