Nani Ameiamsha Bodi?

Mdogo wangu aliniuliza: "Kaka, hii umeiandika yote mwenyewe?" Nikajibu ndiyo, haraka haraka. Jibu lile linaniwasha hadi leo.

Mezani kulikuwa na Raspberry Pi ya kwanza, ile ya 2012, kitaa chake kikiwaka na kuzima. Mfumo endeshi wangu wote ndio huo: washa, zima. Miezi mitatu ya kazi, jamani! Niliuandika kwenye laptopu, maana bodi tupu haina pa kuandikia. Kompaila ikaugeuza kuwa lugha ya ARM, ambayo laptopu yenyewe haiisemi. Nikanakili faili kwenye kadi, nikachomeka.

Sasa, kwenye bodi ile ARM si ya kwanza kuamka. Huanza sehemu ya michoro: inasoma kadi, inaendesha programu ya watengenezaji ambayo msimbo wake haujawekwa wazi, ndipo inapakia faili langu na kuiamsha ARM. Na kompaila je? Ken Thompson alionyesha mwaka 1984 kwamba kompaila inaweza kupenyeza mlango wa siri kwenye programu, na usiuone hata ukisoma msimbo wa kompaila yenyewe. Mimi hata kuusoma sijausoma.

Utaniambia, mbona mwandishi hatengenezi karatasi? Kweli, lakini karatasi haibadilishi sentensi zangu kimyakimya.

Dogo ameshawasimulia wenzake shuleni. Jumapili akija nitaifungua kadi mbele yake, nimwonyeshe faili zipi si zangu.