Mteja Ndiye Aliyeikamilisha M-Pesa

Kampuni changa ya teknolojia, yaani biashara mpya inayotafuta bidhaa itakayokua kwa kasi kupitia simu, programu na intaneti, husimama juu ya dhana fulani kuhusu mahitaji ya watu, na dhana hiyo, hata kama wataalamu wameifanyia kazi kwa miaka, hubaki kuwa dhana hadi mteja atakapoanza kuitumia bidhaa kwa shida zake mwenyewe. M-Pesa, huduma ya kutuma na kupokea pesa kwa simu, husimuliwa mara nyingi kama habari ya ushindi, ilhali faida yake kubwa kwa wafanyabiashara vijana imo katika namna waanzilishi wake walivyokubali kusahihishwa.

Majaribio yaliyoanza nchini Kenya Oktoba 2005, yakiongozwa na Nick Hughes na Susie Lonie wa kampuni ya simu ya Vodafone kwa kushirikiana na Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya, na kugharimiwa kwa sehemu na ruzuku ya serikali ya Uingereza, yalikusudia kuwawezesha wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu kupokea na kurejesha mikopo kwa simu. Wakopaji hao walifanya zaidi ya walivyofundishwa. Wapo waliowatumia pesa wenzao wasiokuwa na deni lolote, wapo waliomnunulia jamaa wa mashambani muda wa maongezi, na wapo walioweka pesa kwa wakala, yaani mwenye duka anayepokea na kutoa pesa za huduma hiyo, kabla ya kupanda gari ili wazitoe mwisho wa safari, maana kusafiri na noti mfukoni kulikuwa hatari. Wakati huohuo, lengo lenyewe la mradi lilikuwa likisuasua: kuoanisha hesabu za mkopeshaji na za mfumo mpya kulikuwa kazi nzito, na mikutano ya vikundi, ambamo wanachama hudhaminiana na kuhimizana kulipa, ilianza kupoteza uzito kwa kuwa aliyelipa kwa simu hakuona haja ya kuhudhuria.

Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, mikopo ilikuwa imewekwa kando na ujumbe kwa wananchi ulikuwa mmoja tu, kutuma pesa nyumbani. Uamuzi huo unastahili heshima kuliko hata ugunduzi wenyewe, kwa sababu si rahisi kuliacha wazo ambalo fedha, muda na sifa za watu vimekwisha kuwekezwa ndani yake.

Somo la pili, baada ya lile la kukubali kusahihishwa, halipendezi sana katika maonyesho ya wawekezaji, nalo ni kazi ya wakala. Wakala huhitaji akiba mbili kwa pamoja: pesa taslimu, na floti, yaani salio la pesa za kielektroniki lililomo katika simu yake. Mteja akiweka pesa, floti ya wakala hupungua na noti huongezeka. Akitoa, huwa kinyume. Kwa kuwa wa mjini hutuma na wa kijijini hupokea, wakala wa mjini huelekea kuishiwa floti na mwenzake wa kijijini huishiwa noti, hivyo lazima awepo mtu wa kwenda benki na kurudi, siku baada ya siku, ili mizani hiyo isilale upande mmoja. Bibi aliyetembea hadi dukani na kuambiwa hakuna pesa hatajali kwamba programu iliandikwa kwa ustadi.

Wala haitoshi kuiga. Kampuni ya simu ya Vodacom iliipeleka huduma hiyohiyo Afrika Kusini mwaka 2010 na kuifunga 2016, na miongoni mwa sababu ni kwamba watu wengi huko walikwisha kuwa na akaunti za benki, kwa hiyo pengo lililokuwapo Kenya halikuwapo kwao.

Kwa hiyo kijana wa Nairobi, Dar es Salaam au Kigali anayejenga programu yake leo, kabla ya kuongeza kitufe kingine au kutafuta mwekezaji mwingine, na atenge siku nzima akae pale bidhaa yake inapotumika, atazame bila kuelekeza, na ayaandike hasa yale matumizi ambayo hakuyakusudia.