KIPIMO KINAONA NINI?



Baba na mama wenye damu AS wanajua hatari: katika kila mimba, mtoto anaweza kuwa SS mara moja kwa nne. Mwaka 1999 waganga wa New York walieleza namna walivyotunga mimba nje ya tumbo, wakaipima ingali changa, wakarudisha tumboni ile isiyo na SS.

Je, kipimo hiki kinaona yote? Hapana. Siku ya tano hivi wanatoa chembe chache tu, tena upande utakaokuwa kondo la nyuma, si upande wa mtoto mwenyewe. Hukosea mara chache, lakini hukosea. Ndiyo sababu waganga hushauri kupima tena mimba ikiwa tumboni. Na hujibu lile tu lililoulizwa. Ukiuliza SS, hakitakuambia habari ya ajali wakati wa kuzaliwa.

Kujua si dhambi, wapendwa. Dhambi ni kugeuza kipimo kuwa hukumu. Hata nabii Samweli alitazama kimo cha Eliabu, akakosea; Daudi alikuwa porini na kondoo. Mtoto SS anayeimba katika kwaya yetu si kosa lililoponyoka machoni pa waganga.

Basi vijana, pimeni damu mbele ya ndoa. Nasi wengine, tukiona mtoto anaumwa mifupa, tusinong'one, "Nani alimroga?" Damu yake ilitoka kwa wazazi wote wawili, bila kosa la mtu. Tumpeleke kwa munganga, tumwombee, tumpende.

Amina.

Shemasi wenu