Usukani Rahisi na Bei ya Haki



Wako vijana wetu wa Masisi ambao, wakifika Goma kwa masomo au kazi, hupenda mashindano ya magari katika kompyuta. Kubonyeza vidole hakuwatoshi. Wanatafuta usukani wa kuchezea, nao wautaka wa bei ndogo. Wazee wanauliza: Je, si dhambi kutoa franka kwa ajili ya mchezo?

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alijibu tangu karne ya 13. Roho huchoka kama mwili, na mchezo ni pumziko lake. Upinde ukivutwa daima huvunjika. Ila mchezo usiwe wa aibu wala wa kudhuru, usimpoteze mtu akili, tena umfae mtu, wakati na mahali. Basi, pesa ya masomo ya mdogo wako isigeuzwe usukani.

Swali gumu ni jingine: mbona usukani huu ni rahisi?

Pengine ni kwa sababu umetengenezwa kwa vitu vichache. Hauna mota ndani. Mpira au springi huurudisha katikati, nao huzunguka digrii 180 au 270. Ule wa bei kubwa hufika 900, na mota yake husukuma mikono kana kwamba barabara ina mashimo. Asiye na pesa nyingi anunue wa mpira bila haya, mradi aone kwamba unakazwa vema mezani na kupatana na kompyuta yake. Pengine umekwisha kutumika. Hapo pia hakuna kosa.

Lakini pengine umeibwa. Mwezi wa kwanza wa 2025, vita vilipoingia Goma, maduka na maghala yalivunjwa na kuporwa. Anayenunua mali ya wizi, hali akijua, anavunja amri ya saba pamoja na mwizi.

Tena pengine mwenyewe anauza kwa robo ya thamani, kwa kuwa ni mkimbizi na watoto hawajala. Utasema: "Amekubali." Je, kukubali kwake kwatosha? Tomaso afundisha kwamba kununua kitu chini ya thamani yake ni udhalimu. Naye Papa Leo XIII aliandika mwaka 1891 kwamba mfanyakazi akipokea mshahara mdogo kwa kulazimishwa na shida, amedhulumiwa, hata kama alikubali. Sisi wa Nyabiondo tunajua kukimbia. Tunajua maana ya kuuza mbuzi kwa bei ya kuku.

Wengine hujibu: "Nisiponunua mimi, mwingine atampa kidogo zaidi." Vema, nunua basi, lakini ongeza. Mpe bei ambayo ungeiomba wewe, kama wewe ndiye mwenye kukimbia. Na ukiwa huna ya kutosha, mwachie mali yake, uchukue ule wa mpira. Utacheza kwa moyo mweupe.