Viwanja Vyetu na Maji ya Ruvu





Atokaye Bunju kuja huku Bagamoyo hupita Mapinga, Kerege, Zinga na Kiromo, na siku hizi njia karibu nzima ni viwanja. Hapa kibao cha kuuza, pale ukuta wa tofali, kule nyumba isiyoezekwa ambayo majani yamemea sebuleni. Si ajabu. Mkoa wa Dar es Salaam ulihesabiwa watu 4,364,541 mwaka 2012, na mwaka 2022 walikuwa 5,383,728. Watu hao lazima walale mahali. Siwalaumu, wengine wao tunasali nao.

Lakini nabii Isaya anatusimamisha njiani. Katika sura ya 5 anawakemea walioongeza nyumba juu ya nyumba na shamba juu ya shamba, hata jirani akakosa pa kukaa. Someni wenyewe aya ya 8 hata ya 10 muone wanachopata: majumba mazuri yasiyo na mtu, na ardhi kubwa yenye mavuno haba. Je, hatujayaona hayo?

Nchi ya Isaya ilikuwa na ukame. Yerusalemu ulikaa juu ya mwamba, ukitegemea chemchemi ya Gihoni. Watu walijenga karibu karibu, na Zaburi ya 122 inausifu kwa kushikamana kwake. Walawi nao walipopewa miji, katika Hesabu sura ya 35, uwanda wa malisho uliachwa kuizunguka, tena kwa kipimo cha dhiraa. Wazee wa Bagamoyo hawakuwa mbali na hekima hiyo. Tazameni Mji Mkongwe: nyumba zimesogeleana, jirani anasalimiwa kutoka barazani, na mashamba yako nje.

Sisi je? Mtu ana viwanja vinne, hajengi hata kimoja, anangoja bei ipande. Maskini anasukumwa mbele zaidi, anafyeka pori jipya, kisha bomba, barabara na umeme vimfuate huko kwa gharama ya wote. Na maji ni yapi? Ni Ruvu ile ile. Mtambo wa Ruvu Chini uko wilayani kwetu, na Dar es Salaam inakunywa kutoka humo. Oktoba 2022, mvua zilipokosekana, mto ulipungua na jijini maji yakatolewa kwa mgawo. Kurefusha bomba hakuongezi mto.

Kwa ninyi mnunuao: katika Walawi 25 Mungu asema nchi ni yake, nasi ni wageni tu. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo yasema ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi. Serikali na Maandiko wamekutana hapo, jambo lisilotokea kila siku. Basi kiwanja usichokijenga mpe jirani alime mihogo, mkaandikiane ili pasiwe na ugomvi. Na ukiwa na viwanja vinne, uliza moyoni vitatu ni vya nani.

Kwa ninyi muuzao, sisemi kuwa kuuza ni dhambi. Ada ya shule haingoji, wala mgonjwa. Lakini Nabothi alimkatalia hata mfalme urithi wa baba zake, nasi tunautoa kwa bei ya pikipiki, ambayo kabla ya miaka mingi ni chuma chakavu. Usiuze lote. Usiuze kwa siri, huku mama watoto hajui. Nyumba ya familia, Sheria ya Ndoa ya 1971 haikuruhusu kuiuza pasipo ridhaa yake. Na kama ardhi ni ya kijiji, halmashauri ya kijiji ijue kabla fedha haijapokelewa.

Jumapili baada ya Misa wazee wa kanisa watakaa nje chini ya mti. Mwenye karatasi ya mauziano asiyoielewa aje nayo, kabla hajatia kidole.